Mikwaruzo ya Ubavu wa Kushoto

Vijana wa gereji, mmeniomba mara nyingi kwenye kundi letu la simu niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla hamjaletewa mashine ya kusoma rangi na taa za kubeba mkononi. Nilikuwa nakwepa, maana vidole vyangu vimezoea msasa kuliko kalamu. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Voi, na mke wangu amechoka kuniona nikizunguka gari la jirani na kulipapasa mbavu. Ameniwekea meza chini ya dirisha, akasema, "Andika, Baba Neema, umwache mwenye gari apumue." Basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, mnavijua wenyewe na havina hadithi.

Nilifika Doha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa mtu mzima tayari, fundi wa bodi tangu ujana wangu Mombasa. Nilijiona nimekamilika. Changamwe nilikuwa nikinyoosha malori yaliyopinduka na mabasi yaliyokunjamana uso. Nani angenitisha kwa gari dogo lililoguswa na toroli la dukani? Nilibeba nyundo zangu mbili kwenye begi, nikidhani huko hawana.

Gereji ilikuwa Sanaiya, eneo la viwanda ambalo nyinyi mnalijua kwa harufu kabla ya macho. Fundi mkuu alikuwa Mpakistani mrefu, ndevu zimetiwa hina, jina lake Karim. Kila mtu alimwita Ustad, ndivyo mafundi wa kule wanavyomheshimu anayewafundisha. Lugha yetu ilikuwa Kiarabu nusu, Kihindi robo, na robo iliyobaki Kiingereza kilichopigwa nyundo. Nikiyaandika maneno yake hapa nayaandika kwa Kiswahili, na mniamini kwamba yamependeza kuliko alivyoyasema.

Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya mlango uliobonyea, kibonyeo kisichozidi kiganja. Nikainua nyundo. Akanishika mkono.

"Hiki nini?"

"Kibonyeo, Ustad."

"Kimetoka wapi?"

Nikamtazama. Mombasa hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Gari likija limeumia, unalinyoosha, basi.

"Sijui."

"Hujui. Basi nyundo weka chini."

Nilishinda asubuhi nzima mbele ya mlango ule bila kuugonga. Alinipa kitambaa chembamba cha pamba, akaniambia nikiweke kati ya kiganja na bati, nipapase polepole. Na kweli, kitambaa kikiteleza, vidole husikia mawimbi ambayo macho hayayaoni. Kisha akaniinamisha nitazame mwanga wa taa ndefu ya darini ulivyolala juu ya rangi. Mahali bati limenyooka, mwanga umenyooka. Mahali limeumia, mwanga unapinda kama uzi uliolegea. Akanieleza kwamba kila kibonyeo kina mpangilio: kuna mahali palipogongwa kwanza, halafu kuna mikunjo iliyofuata. Ukianza na pale pakubwa panapokuvutia, unalifungia bati maumivu ndani. Unaanza na mkunjo uliokuja mwisho, unarudi nyuma taratibu, mpaka unafika kwenye pigo la kwanza, nalo wakati huo linakuwa limechoka, linarudi lenyewe kwa msukumo mdogo.

Jioni nikamwambia mlango ule uligongwa na mlango wa gari jingine refu zaidi, uliofunguliwa na mtu mwenye haraka. Akacheka. "Sasa chukua nyundo," akasema. Nyundo aliyonipa ilikuwa ya mpira, ndogo kama ya kuchezea.

Joto lilinifundisha mengine. Juni yangu ya kwanza niliweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa juani, nikakiondoa na ngozi imebaki nyuma. Puti ya kuziba mabonde ya bati nilikuwa naichanganya kwa mazoea ya Mombasa, na Doha ikanigandia juu ya kibati cha kupakia kabla sijafika kwenye gari. Ilinibidi nipunguze dawa ya kukaushia mpaka nikaona aibu, kama mtu anayetia chumvi kwa kuhofia presha. Siku za upepo wa mchanga tulikuwa hatupaki rangi kabisa, maana vumbi likiingia kwenye vanishi unamrudishia mwenyewe gari lenye chunusi. Na kuhusu rangi nyeupe, hapo sina la kuongeza ila huruma. Doha ni mji wa magari meupe, na asiyejua hudhani weupe ni mmoja. Kuna weupe wa maziwa, wa mfupa, wa chaki, na kuna ule wa lulu unaobadilika ukiutazama kwa pembeni. Nimewahi kupaka mlango mmoja mara nne, na mwenye gari akaja akasema mlango ule ni mzuri, shida ni gari lote lililobaki.

Vyombo vyetu vingi tulijitengenezea. Fimbo za kusukumia bati kwa ndani tulizichonga kutoka kwenye springi za magari mabovu, tukazipinda shingo, tukazing'arisha ncha zisikwaruze. Ukiipitisha fimbo nyuma ya mlango kupitia tundu la dirisha, huioni ncha yake. Unaiona kwa kutazama rangi upande wa nje: kivimbe kidogo kinatembea chini ya mwanga kama fuko chini ya udongo. Hapo unasukuma kidogo sana, mara mia, badala ya kusukuma sana mara moja. Mke wangu husema ningekuwa na subira ya namna hiyo nyumbani angenenepa.

Na kulikuwa na ile sheria ya karatasi. Gari lililogongana au kugonga kitu haliguswi kule mpaka mwenyewe alete karatasi ya polisi wa barabarani. Madereva wa majumbani walikuwa wakija wanakunja mikono kifuani. "Kaka, ni mkwaruzo tu, bosi hajaona." Nilikuwa nawaonea huruma, na nilikuwa nawarudisha. Lakini kwa sababu ya kuwarudisha na kuwapokea tena, niliwajua, na nikaanza kuyatazama magari yao kwa udadisi. Nilikuwa nauliza sana. Kwa nini hapa, kwa nini hivi? Kwa Kiarabu cha kule "kwa nini" ni lesh, na haukupita muda gereji nzima ikaniita Lesh. Hata mhasibu aliniandika hivyo mahali fulani.

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa udadisi huo kilikuwa hiki. Dereva mgeni aliyetoka kwetu, au Pakistani, au Sri Lanka, alikuwa akikwaruza ubavu wa kulia. Karibu kila mara. Nilikaa nikafikiri, nikajua. Kwetu usukani uko kulia, dereva ameketi kulia, mwili wake umezoea kwamba gari lake liko upande wa kushoto. Doha anaketi kushoto, na gari lote liko kuliani kwake. Miezi ya kwanza anasahau kwamba kuna gari huko. Anapita karibu na nguzo, anasikia *krrr*. Baada ya mwaka anapona. Nilimweleza Ustad, akasema, "Vizuri, Lesh. Sasa maliza bampa hilo." Lakini niliona amefurahi, kwa sababu alianza kuwaeleza wateja jambo hilo kana kwamba amelijua tangu azaliwe.

Ndiyo maana gari la Bakari lilinisumbua.

Bakari alikuwa mtu wa Kwale, wa Msambweni, dereva wa familia moja ya Al Rayyan. Aliwapeleka watoto watatu shule, akampeleka bibi yao kliniki, akamwendesha mama mwenye nyumba, Umm Yusuf, alikokwenda. Alikuwa mtu nadhifu, kanzu yake ya Ijumaa haikuwa na kunyanzi, na hakuwa mgeni: alikuwa ameendesha Doha miaka mingi kuliko niliyokaa mimi. Alipokuja mara ya kwanza na karatasi yake, kona ya kushoto ya bampa ilikuwa imekwaruzwa na nguzo ya maegesho. Nikatengeneza, tukacheka, tukaulizana habari za pwani. Mara ya pili ilikuwa kioo cha pembeni cha kushoto na mlango wa dereva. Mara ya tatu, haukupita muda mrefu, ilikuwa madigadi ya mbele, kushoto tena, amegusa ukingo wa zege penye geti la shule.

Safari hiyo hakucheka. "Fundi, gari hili lina mkosi," akasema. "Au kuna mtu amenitazama kwa jicho baya. Madam anasema nachezea simu nikiendesha. Wallahi simu yangu naizima. Ameniambia ikitokea tena, narudi nyumbani."

"Na watoto wako?"

"Mkubwa yuko kidato cha tatu. Hebu fikiria."

Alipoondoka nilichuchumaa kando ya lile gari. Kushoto. Ubavu wake mwenyewe, ubavu alioketi, ule ambao dereva anauona kwa kugeuza macho tu. Hata yule mgeni kabisa haukwaruzi huo. Nikaupapasa mkwaruzo kwa kitambaa kuanzia mbele ya madigadi kwenda nyuma. Na hapo nikasikia kitu kilichonifanya niite taa.

Mtu anayegusa ukuta akauona, hata akiuona kwa kuchelewa, hugeuza usukani. Mkwaruzo wake huanza kwa kina halafu hupungua, hupungua, mpaka unapotea kama mkia wa mjusi. Huu wa Bakari haukupungua popote. Ulikwenda kwa kina kilekile kutoka mwanzo, halafu ukakatika ghafla, kama mtu aliyesimama kwa kusikia, si kwa kuona. Nikakumbuka mlango wa mara ya pili. Ulikuwa hivyohivyo.

Nikamwita Ustad. Akapapasa mpaka pale ulipokatika.

"Amelala usingizi," akasema.

"Asubuhi, anapeleka watoto shule, mara tatu, na analalia upande mmoja?"

"Lesh," akaniambia, na safari hii aliniita kwa upole, "sisi tunatengeneza magari. Madereva wana Mungu wao."

Bakari alipokuja kuchukua gari nilimkaribisha chai ya maziwa, ile karaki ya glasi. Nikaiweka mezani kushoto kwake, bila kusema neno, nikaendelea kuzungumza naye habari za mvua za nyumbani. Alikuwa ananitazama mimi. Dakika ikapita. "Ulisema chai?" akauliza. Nikamwambia, hiyo hapo. Akageuza kichwa kizima, akaiona, akashtuka kidogo. Nikaona nimepata sehemu ya jibu, na kuwa mkweli, nilifurahi kwa namna ambayo fundi hufurahi anapoona mkunjo uliojificha. Furaha ile haikudumu.

Nikamwomba atazame pua yangu asiondoe macho. Nikachukua tambara jekundu, nikanyoosha mkono kuume kwake, nikalitikisa. "Unaliona?" "Naliona." Nikalihamishia kushoto kwake, nikalitikisa. Hakusema kitu. Nikalisogeza mbele, mbele, mpaka likakaribia sikio langu mwenyewe.

"Sasa naliona," akasema. Halafu akaelewa. Uso wake ulibadilika.

"Hii ndiyo kazi mliyoitiwa huku? Kupima watu?"

"Bakari, ndugu yangu..."

"Unataka kuninyima riziki yangu? Mimi nikisema sioni, nani atanipa gari? Umesema tumetoka pwani moja, kumbe!" Akachukua funguo, akaondoka, chai ikabaki imejaa.

Siku zilizofuata nilifanya kazi vibaya. Nilikuwa nimejua kitu ambacho sikukiomba, au tuseme nilikiomba lakini sikufikiria bei yake. Nikinyamaza, kuna watoto watatu wanaoingia kwenye gari lile kila asubuhi. Nikisema kwa Umm Yusuf, nimemkatia mtu mkate wake kwa sababu ya tambara jekundu, na huenda nimekosea. Sikuwa daktari. Nilikuwa mtu anayejua bati.

Kanisani tulikuwa na muuguzi Mkenya, Wanjiru, aliyekuwa akiishi Al Thumama. Ijumaa, ambayo kule ndiyo siku ya mapumziko na ya kanisa, baada ya ibada nilimweleza. Hakucheka tambara langu. "Kuna presha ya macho," akasema. "Haiumi. Inaanza kula pembeni, mtu hajui, kwa sababu jicho moja linamfichia mwenzake aibu. Mimi si wa kitengo cha macho, lakini huyo mtu aende hospitali upesi. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa."

"Hatanisikiliza."

"Basi twende wote. Mbele ya mwanamke atakuwa na adabu."

Tulimkuta Bakari kwenye chumba chake nyuma ya nyumba ya tajiri wake, amekaa juu ya kitanda, anapiga pasi kanzu. Aliponiona alitaka kunifukuza. Alipomwona Wanjiru akavaa viatu. Nikamtambulisha. Wanjiru akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwepo, akazungumza naye habari za nyumbani kwanza, za watoto, za mkewe, mpaka pasi ikapoa. Kisha akamwomba tu afunike jicho la kulia kwa kiganja, amtazame yeye.

Bakari akafunika.

"Unaona nini, kaka?"

"Naona uso wako." Sauti ilikuwa imepungua. "Uso tu. Mabega sina."

Akashusha mkono polepole. Nilidhani atalia au atatutukana. Badala yake alianza kusema, akitazama sakafu. Alisema amekuwa akigonga bega kwenye fremu za milango, akadhani ni uzee. Alisema watu wakitokea kushotoni humshtua kana kwamba wamepasuka kutoka hewani. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa ameniambia.

"Wiki ile niliyokuletea gari mara ya tatu, getini shuleni. Yule mdogo, Hessa, alikuwa ameshuka. Akakumbuka begi lake, akazunguka mbele kuja upande wangu. Mimi nimeshaanza kuondoa gari. Nilimsikia kaka yake akipiga kelele na kugonga boneti. Nikakanyaga breki. Fundi, alikuwa hapa." Akaonyesha karibu kabisa na bega lake la kushoto. "Hapa. Na mimi sikumwona."

Nje kulikuwa na mtu anamwagilia miti, na maji yalisikika kwenye majani.

"Tangu siku ile silali," Bakari akasema. "Ulipotikisa tambara lako nilijua tayari. Ndiyo maana nilikasirika."

Akasimama, akavaa ile kanzu ikiwa na kunyanzi upande mmoja, akachukua funguo za gari kwenye msumari. "Twendeni," akasema. "Nikikaa mpaka kesho nitajipa sababu."

Tulimfuata mpaka mlango wa jikoni. Umm Yusuf alitoka, mwanamke wa makamo, mkali wa macho, akashangaa kumwona dereva wake na fundi wa gereji na muuguzi wamesimama kwa mstari. Bakari akamnyooshea funguo kwa mikono miwili.

"Madam, si simu," akasema. "Ni macho. Upande huu sioni. Sitaki kuwaendesha watoto tena."

Umm Yusuf hakuzipokea mara moja. Alimtazama Bakari, akanitazama mimi. "Nani amesema?"

Nikaeleza ya mikwaruzo, jinsi ilivyokatika. Kiarabu changu kilikuwa cha gereji, nikawa nachora kwa kidole ukutani. Wanjiru akaongeza yake kwa Kiingereza. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza Bakari, na sauti yake haikuwa kali, "Siku ya Hessa pale getini, mwanangu aliponiambia, nilisema ulikuwa unatazama simu. Kwa nini hukujitetea?"

"Nilijitetea, Madam. Hukuniamini. Na mimi mwenyewe sikuwa na jibu jingine la kukupa."

Akazichukua funguo. "Kesho nakupeleka hospitali," akasema. "Nitaendesha mimi."

Ilikuwa hiyohiyo presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeliwa karibu lote, la kulia limeguswa kidogo. Daktari akampa dawa ya matone ya kutia kila siku ya maisha yake, baadaye akafanyiwa upasuaji mdogo wa kulinda kilichobaki. Leseni ikawa imekwisha kazi.

Ningependa kuwaambia kwamba kila mtu alifurahi. Haikuwa hivyo. Umm Yusuf alitafuta dereva mwingine, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Bakari alibaki pale mpaka mkataba wake ukaisha, akifungua geti, akimwagilia miti, akienda sokoni pamoja na dereva mpya ili amwonyeshe maduka. "Nimekuwa abiria," aliniambia siku moja, na hakutabasamu. Kwa miezi mingi alinisalimia kwa kichwa tu. Sikumlaumu. Mtu anaweza kukubali kwamba ulifanya sawa na bado asitake kukuona.

Gerejini habari ilienea, na kwa wiki nzima hakuna tambara jekundu lililofanya kazi yake halali. Wapaka rangi walipimana, wanyoosha bodi wakapimana, hata mwenye gereji alisimamishwa. Ustad alikataa, akasema macho yake ni ya mlimani. Siku ya tatu alinifuata nyuma ya kibanda cha rangi, akasema kwa kunong'ona, "Haya, fanya haraka." Pembeni alikuwa anaona kama mwewe. Lakini nilipomwomba asome maandishi ya kopo la vanishi aliloshika mkononi, alisogeza kopo mpaka mkono ukaisha. Ndipo tulipojua kwa nini alikuwa akipapasa zaidi kuliko kutazama. Akanunua miwani, akaja siku iliyofuata, akazunguka magari aliyomaliza wiki iliyopita, akatikisa kichwa. "Mbona hamkuniambia?" akatulaumu. Nani angemwambia?

Miaka iliyofuata mnaijua, wengi wenu mlikuwa mmeshafika. Mji mpya wa Lusail ukaota kutoka mchangani, malori yakajaa barabarani, na vioo na boneti vikaja vimedonolewa na kokoto. Bampa zikaanza kuwa na macho yao wenyewe ndani, vile vidude vinavyolia ukikaribia ukuta, na kunyoosha plastiki kukawa kazi ya maji moto na uangalifu wa mkunga. Bati la alumini likaja, ambalo halisamehe: ukilipinda vibaya mara moja, linakumbuka. Ustad alirudi kwao na miwani yake. Siku ya kuondoka alipita akigusa kila gari kwa kiganja kama mtu anayeaga ng'ombe. Mimi nikabaki nikiwauliza nyinyi wageni, "Kimetoka wapi?" na nyinyi mkinitazama vile nilivyomtazama yeye.

Mmewahi kuniuliza kama udadisi ule ni sehemu ya kazi au ni tabia yangu mbaya tu. Najua kwamba bati halina sababu ya kudanganya, na kwamba nyuma ya kila bati kuna mtu ambaye anayo. Ukianza kusoma bati, utafika kwa mtu, na huko hakuna fimbo wala nyundo ya mpira. Uende ukijua hilo. Na usiende peke yako. Mimi niliokolewa na Wanjiru.

Mwaka huu, baada ya kurudi kabisa, nilipanda gari mpaka Msambweni kumtafuta Bakari. Sikuwa na uhakika angenipokea. Ana duka dogo la nafaka na mafuta kando ya nyumba yake, na yule mwanawe aliyekuwa kidato cha tatu sasa ni mwalimu. Nilimkuta barazani, kanzu imenyooka kama zamani, kichupa cha dawa ya macho kiko mfukoni mwa kifua kama kalamu. Jicho la kulia linaona bado. Nilipopiga hodi alinitambua kwa sauti kabla sijakaribia.

"Fundi Lesh," akasema. "Umezeeka."

"Umejuaje? Hujaniona."

"Unavuta miguu."

Tukacheka. Mkewe akaleta mkeka na kiti. Mimi, kwa kujiona mwerevu, nikakichukua kiti nikakiweka kuume kwake, mahali anapoona vizuri, asisumbuke kugeuza shingo. Bakari akatikisa kichwa, akagonga baraza kwa kiganja upande wa pili.

"Kaa huku kushoto, ndugu yangu," akasema. "Kuume najitosha mwenyewe. Huku ndiko ninakohitaji mtu."

Nikahamisha kiti.